Mabafu na Mabanda ya Baiskeli Langoni mwa Kazi

Kazi ya mchana haianzi saa ile kengele ipigwapo, wala haishi saa ile lango lifungwapo. Huanza nyumbani alfajiri, mtu ashikapo usukani wa baiskeli yake, na hukoma jioni aiegemezapo tena ukutani. Kati ya nyumba na kazi iko njia, na njia ina jasho lake, matope yake na vumbi lake. Ni nani apasaye kuuchukua mzigo wa jasho na vumbi hilo? Swali hili ni dogo kwa kulitazama, lakini limepata kuletwa mbele ya tume ya serikali, likapigiwa kura na maelfu ya wafanyakazi, likatungiwa sheria. Siku hizi mwajiri aombwapo banda la kuwekea baiskeli na bafu la kuogea wafanyakazi wake, ombi hilo hudhaniwa kuwa jambo jipya, anasa ya makarani wa mijini. Historia yasema vingine. Muda mrefu kabla ya makarani hao, wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliligombania jambo hili, na wake zao pamoja nao.

Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, watu zaidi ya milioni moja walifanya kazi katika migodi ya makaa ya Uingereza. Mchimbaji alitoka shimoni mweusi tangu utosini hata nyayoni, nguo zake zimelowa jasho na maji ya mgodi, akarudi kwake katika hali hiyo, kwa miguu, kwa gari la moshi au kwa baiskeli. Upepo wa baridi ulimpiga njiani na nguo mbichi zimemgandama mwilini. Abiria wengine walijitenga naye, wakichelea nguo zao. Nyumbani kwake hapakuwa na chumba cha kuogea. Beseni kubwa la bati liliwekwa mbele ya moto, maji yakachemshwa katika masufuria mazito, naye akaoga hapo kati ya watu wa nyumba yake. Nyumba iliyokuwa na baba na vijana wawili au watatu, kila mmoja na zamu yake, ilikuwa na maji motoni usiku na mchana. Aliyeyateka, aliyeyachemsha, aliyeyamimina na aliyeyamwaga ni mama. Zamu ya mgodi ilikuwa na mwisho. Zamu yake yeye haikuwa nao.

Dawa ya taabu hii ilikwisha julikana ng'ambo ya bahari. Huko Ujerumani na Ubelgiji migodi mingi ilikuwa na majumba ya kuogea. Katika majumba ya Kijerumani kila mtu alitundika nguo zake kwenye kulabu, akazivuta kwa mnyororo hata darini, ambako hewa ya moto ilizikausha. Waingereza waliyaona hayo, na katika sheria ya migodi ya mwaka 1911 waliweka kifungu juu ya mabafu. Kifungu hicho, hata hivyo, kilitoa kwa mkono mmoja na kuzuia kwa mkono wa pili. Mwenye mgodi alilazimika kujenga bafu ikiwa tu theluthi mbili za wafanyakazi wake walipiga kura kulitaka na kukubali kulipa nusu ya gharama ya kulitunza. Na kama gharama hiyo ilikisiwa kupita peni tatu kwa juma kwa kila mtu, hakulazimika kitu. Kwa masharti hayo si ajabu kwamba mabafu yaliyojengwa yalikuwa machache mno. La kwanza katika Uingereza lilifunguliwa mwaka 1913 katika mgodi wa Gibfield huko Atherton, Lancashire. La kwanza katika Wales lilifuata mwaka 1916 katika mgodi wa Deep Navigation, Treharris.

Itakuwa si haki kuwalaumu wenye migodi peke yao. Wachimbaji wenyewe hawakuwa na neno moja. Wako walioamini kwamba kuosha mgongo mara kwa mara huupunguzia nguvu, na mgongo ndio mtaji wa mchimbaji. Wako walioogopa kwamba mtu akitoka katika maji ya moto na kuingia katika baridi ya nje atapata ugonjwa wa kifua. Wako walioona haya kuvua nguo mbele ya wenzao, na wako waliohesabu peni zao wakaona kwamba maji ya nyumbani ni ya bure. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na kosa kubwa. Maji ya nyumbani hayakuwa ya bure; yalilipwa kwa mwili wa mwanamke, na malipo hayo hayakuandikwa katika daftari yo yote.

Mwaka 1919 yaliandikwa. Serikali ilikuwa imeunda tume chini ya uenyekiti wa jaji Sankey ili kuchunguza hali ya migodi. Kati ya mashahidi walioitwa mbele yake katika jumba la Bunge la Malodi walikuwamo wanawake watatu, mmoja kutoka Wales, mmoja kutoka Uingereza yenyewe na mmoja kutoka Scotland. Aliyetoka Wales aliitwa Elizabeth Andrews, mke wa mchimbaji wa bonde la Rhondda na mtu wa siasa katika chama cha Labour. Hakuzungumza habari za faida na hasara kama walivyozungumza mabwana. Alizungumza habari za masufuria. Alieleza jinsi kunyanyua maji na mabeseni kulivyowaumiza wanawake wajawazito hata wakazaa kabla ya siku zao, na jinsi watoto wadogo walivyoungua kwa maji ya moto katika vyumba vyembamba. Kwa ushahidi huo bafu la mgodini lilibadilika sura: lililodhaniwa kuwa starehe ya mwanamume likaonekana kuwa ni pumziko la mwanamke na salama ya mtoto.

Matokeo hayakukawia sana. Sheria ya mwaka 1920 iliunda mfuko wa manufaa ya wachimbaji, ukijazwa kwa peni moja katika kila tani ya makaa iliyotolewa. Mwaka 1926 sheria nyingine iliongeza ushuru wa shilingi moja katika kila pauni ya malipo waliyopewa wenye ardhi kwa makaa yaliyochimbwa chini ya mashamba yao, na fedha hizo ziliwekwa mahsusi kwa kujenga mabafu. Hukumu hiyo ilikuwa na maana kubwa. Mwenye ardhi, ambaye hakupata kushika sururu wala kuoshwa masizi, alitakiwa kulipa sehemu ya maji ya kumwosha aliyemtajirisha.

Majumba yaliyojengwa kwa fedha hizo katika miaka ya 1930 yalikuwa mazuri kuliko majengo mengi yaliyoyazunguka. Yalichorwa na wasanifu wa mfuko wenyewe, yakawa na mapaa bapa, madirisha mapana na kuta zilizoingiza mwanga, palipozoea moshi na giza. Mpango wake ulikuwa wa akili. Mchimbaji alifika na nguo zake za nyumbani. Kama alikuja kwa baiskeli, palikuwa na banda la kuiweka, nayo ikabaki salama na kavu mpaka amalize zamu. Aliingia chumba cha kwanza, chumba cha nguo safi, akazifungia katika kabati lake; akapita chumba cha pili, chumba cha nguo za mgodini, akavaa za kazi, akajaza chupa yake maji, akapaka viatu mafuta, akaenda shimoni. Aliporudi alifuata njia hiyo hiyo kinyume chake: alisugua viatu, akavua nguo za kazi, akaingia chini ya manyunyu ya maji ya moto, akatokea upande wa nguo safi. Hewa ya moto ilipitishwa ndani ya makabati, hivyo nguo zilizolowa leo zilivaliwa kesho zikiwa kavu. Na kwa kuwa hakuna mtu afikaye mgongo wake mwenyewe, wenzi waliogeshana migongo. Wala haikusikika kwamba migongo hiyo ilipungukiwa na nguvu.

Inafaa kuangalia jinsi vitu hivi vilivyoshikana: banda, kabati, manyunyu na hewa ya kukaushia. Hakuna kimoja kilichotosha pasipo vingine. Baiskeli bila banda huota kutu au huibwa. Banda bila bafu humwacha mtu na jasho lake. Bafu bila kabati halina pa kuweka nguo, na kabati bila hewa hurudisha nguo mbichi. Anayejenga kimoja na kuacha vingine hujenga mfano wa msaada, wala si msaada wenyewe.

Baada ya vita vya pili vya dunia baiskeli ilifika kilele chake katika Uingereza. Mwaka 1949 watu wa nchi hiyo waliendesha baiskeli umbali wa kilometa bilioni 24 hivi kwa jumla. Milango ya viwanda ilipofunguliwa jioni, barabara zilijaa magurudumu. Baiskeli za Raleigh zilizotengenezwa Nottingham zilisafirishwa pia hata Afrika ya Mashariki, zikawachukua waalimu, makarani na wachuuzi wa huko. Kisha motokaa ikashuka bei, na baiskeli ikashuka heshima. Kufikia mwaka 1973 umbali ule ulikuwa umepungua hata chini ya kilometa bilioni 4. Uwanja uliokuwa na mabanda ukafanywa mahali pa kuegesha magari, ingawa nafasi iliazimwayo na gari moja yatosha baiskeli kumi. Migodi nayo ilifungwa mmoja baada ya mwingine, mpaka mgodi wa Kellingley, wa mwisho katika migodi mirefu ya makaa ya Uingereza, ulipofungwa Desemba 2015. Huko Blaenavon katika Wales, bafu la mgodi wa Big Pit, lililofunguliwa mwaka 1939, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho. Mgeni aweza kupita kati ya makabati yale yale.

Ajabu ni kwamba bafu lilipokuwa likifa mgodini lilizaliwa upya ofisini. Mwaka 1990 Waingereza walianzisha utaratibu wa kupima ubora wa majengo kwa mazingira, uitwao BREEAM, na katika vipimo vyake yamo mabanda ya baiskeli, manyunyu, vyumba vya kubadilishia nguo, makabati na mahali pa kukaushia. Yeyote aliyesoma habari za wachimbaji atazitambua alama hizo. Mwaka 1999 serikali ya Uingereza iliondoa kodi kwa baiskeli ambazo waajiri huwapa wafanyakazi kwendea kazini. Mwaka 2004 mji wa Chicago ulifungua katika bustani ya Millennium Park kituo cha baiskeli 300, chenye makabati na manyunyu kwa wafanyao kazi katikati ya mji. Nao utaratibu wa Kimarekani wa LEED, katika toleo la mwaka 2013, uliweka hesabu ya bafu moja la manyunyu kwa watu 100 wa kwanza wa jengo, na moja zaidi kwa kila 150 wanaofuata.

Lakini kuna tofauti kati ya bafu la kwanza na la pili, nayo haifai kupitwa. Bafu la mgodini lilitakwa na watakaolitumia. Walilibishania, wakalipigia kura, wakachanga peni zao. Bafu la ofisini mara nyingi huwekwa ili jengo lipate alama na cheti, na atakayelitumia hakuulizwa. Tena sheria haijamfikia msafiri. Kanuni za Uingereza za mwaka 1992 juu ya mahali pa kazi zataka manyunyu pale aina ya kazi au afya ilazimishapo. Jasho la kazi lina haki mbele ya kanuni hizo, jasho la njiani halina. Mchimbaji alioshwa kwa haki. Mwendesha baiskeli huoshwa kwa hisani, na hisani hukoma siku nafasi ya bafu itakapotakiwa kwa ghala.

Jambo hili lina maana pia katika miji ya Afrika ya Mashariki. Nairobi ilitoa sera ya usafiri usiotumia mota mwaka 2015. Dar es Salaam ilianza huduma ya mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, na kando ya njia zake zikajengwa njia za baiskeli. Njia ni neema, lakini njia humfikisha mtu langoni tu. Katika joto la pwani, aliyeendesha kilometa kumi hufika shati limemshika mwilini. Naye mara nyingi si meneja. Ni mlinzi, ni mpishi, ni mfagiaji, aliyechagua baiskeli kwa kuwa nauli ya mwezi ingekula mshahara wake. Baiskeli yake hufungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na uso wake hunawishwa penye bomba la bustani. Akibadilisha nguo hubadilisha nyuma ya ghala. Jioni shati lile hufuliwa nyumbani, na afuaye ni yule yule aliyechemsha maji katika Rhondda, ila jina na lugha vimebadilika.

Gharama ya jasho haipotei kwa kutokuandikwa. Ikiwa haikulipwa na kazi, hulipwa na nyumba. Na ikiwa haikulipwa na mwajiri, hulipwa na mke, mtoto au kifua cha mfanyakazi mwenyewe. Wachimba makaa walihitaji mashahidi watatu wanawake ili hesabu hiyo isomwe kwa sauti mbele ya wakubwa, na baada ya kusomwa haikuwezekana tena kuikana. Ofisi ijengwapo leo, mchoro wake huwa na mahali pa gari la mkurugenzi kabla ya kuta kuinuliwa. Kuandika katika mchoro huo banda moja, bomba moja na makabati machache kwa ajili ya waingiao kwa mlango wa nyuma hakuhitaji elimu ngeni wala fedha nyingi. Kunahitaji kwanza kuwauliza waingiao humo.