Familia ya Shaba Mbele ya Shule

Mwaka 1950 Waingereza walikuwa bado wananunua nyama kwa mgawo, na hazina yao ilielemewa na madeni ya vita. Katika ufukara huo, halmashauri ya Hertfordshire ilisimamisha mbele ya Shule ya Barclay, mjini Stevenage, sanamu kubwa ya kwanza ya shaba ya Henry Moore: baba na mama wameketi, na mikono yao inakutana kwa mtoto waliyempakata, mithili ya fundo.

Wazo lenyewe liliitangulia vita. Henry Morris, ofisa elimu wa Cambridgeshire, alimwomba Moore sanamu kwa ajili ya chuo cha kijiji cha Impington, mahali ambapo watoto wangesoma mchana na wazazi wao jioni. Ndiyo maana ikawa familia. Fedha zikakosekana, hata John Newsom, mkurugenzi wa elimu wa Hertfordshire, alipolifufua wazo hilo baada ya vita.

Ilikuwa anasa? Sheria ya Elimu ya 1944 ilikuwa imefuta ada katika sekondari za umma, na Stevenage ulitangazwa mwaka 1946 kuwa mji mpya wa kwanza, upunguze msongamano wa London. Moore mwenyewe, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, aliingia chuo cha sanaa cha Leeds mwaka 1919 kwa ruzuku ya askari waliotoka vitani. Wanaobeza matumizi ya namna hii husahau kwamba msanii huyu alisomeshwa kwa fedha za umma.

Nakala nyingine zimo katika makumbusho ya New York na London. Aendaye huko hukusudia kutazama sanaa. Mwanafunzi wa Barclay aliikuta njiani, akiwa amechelewa darasani.

Mwaka 2005 wezi walibeba sanamu nyingine ya Moore, yenye uzito wa zaidi ya tani 2, kutoka Perry Green, huko huko Hertfordshire. Polisi waliamini kwamba iliyeyushwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Ile ya Barclay nayo, baada ya jaribio la wizi, iliingizwa ndani ya jengo. Lakini si wezi pekee wanaoipigia hesabu shaba: mwaka 2012 halmashauri ya Tower Hamlets, London, iliamua kuuza sanamu ya Moore iliyonunuliwa kwa ajili ya wakazi wa maghorofa ya umma ya Stepney, kwa hoja ya kubana matumizi. Walioinunua, mwaka 1962, hawakuwa matajiri kuliko waliotaka kuiuza.