Daftari la Miti ya Shinyanga

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nilipoandika habari za Ibn al-Baytar, yule mwanazuoni wa Malaga aliyezunguka Maghrib na Sham akikusanya mimea mpaka akafariki Damascus mwaka 1248, kijana mmoja wa Kahama aliniuliza: "Sheikh, na miti ya kwetu nani aliiandika?" Nimekaa na swali hilo siku kadhaa. Jibu lake lina uchungu ndani yake, kwa hiyo someni taratibu.

Mwaka 1861 msafara wa Speke na Grant ulipita nchi hizi ukielekea Ziwa Nyanza. Grant alikuwa akichuma mimea njiani, akiikausha na kuandika watu wanaitumiaje. Orodha yake ilianza kuchapishwa London mwaka 1872. Lakini mizigo ya msafara ule ilibebwa na nani? Na Wangwana wa Unguja na pwani, wengi wao Waislamu waliotoka utumwani, chini ya watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa mateka akiwa mtoto na kupelekwa India. Mtu akikuonyesha kitabu cha Grant, wakumbuke na hao.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika Shinyanga yenyewe, na sababu yake ilikuwa mbung'o. Mbung'o huua ng'ombe, nao huhitaji vichaka na kivuli. Katika miaka ya 1920 Mwingereza Swynnerton aliwahamasisha watawala wa Kisukuma na watu wao, wakatoka kwa maelfu na mashoka na mapanga kufyeka pori. Baadaye Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o. Hapo akaja mtaalamu wa mimea, Bernard Burtt. Haikutosha kusema "pori". Mbung'o hukimbilia mti huu wakati wa kiangazi na kichaka kile wakati wa masika. Ukiijua miti kwa majina, huna haja ya kufyeka yote. Burtt akazunguka, akakata matawi, akaandaa mwongozo wa kuitambua miti, vichaka na mimea inayotambaa. Juni 1938 yeye na Swynnerton walikufa pamoja katika ajali ya ndege. Mwongozo ukachapwa Dar es Salaam baada ya kifo chake.

Basi tazameni: miti yetu iliandikwa ili ijulikane upi wa kukatwa.

Na ilikatwa. Baada ya mbung'o zikaja pamba, mifugo mingi na kuni. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini, wakaziacha ngitili zao. (Msio Wasukuma: ngitili ni eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vipumzike, likafunguliwa kiangazi kwa ajili ya ng'ombe. Ni jamaa wa karibu wa hima, kama ile Mtume s.a.w. aliyoiweka Naqi' karibu na Madina.) Shinyanga ikafika mahali pa kuitwa Jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walikuja na miche, lakini kilichofanya kazi zaidi ni neno la wazee: fungeni ngitili. Visiki na mizizi vilikuwa bado hai chini ya ardhi. Ngitili za hekta mia sita hivi zikaongezeka hadi kupita hekta 300,000. Wachunguzi walipohesabu katika ngitili zilizofufuka, walipata aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na ndege aina 145. Subhanallah. Orodha ya kukata ikageuka orodha ya kurudi.

Ila nani aliyewatajia majina? Ng'wandu, mdubilo, nengonengo: haya hayakutoka London. Marehemu bibi yangu alinishika mkono mbele ya nengonengo akaniambia mizizi yake ni dawa kwa anayejua na ni kaburi kwa asiyejua. Kosa la jina hapo ni roho ya mtu.

Na hapa ndipo penye uchungu. Ukanda huu wetu, Shinyanga mpaka Geita, kwa miaka mingi bibi vizee wameuawa kwa kuitwa wachawi, kisa macho mekundu. Macho yale yametiwa wekundu na moshi wa kuni! Baadhi yao ndio waliokuwa wanajua mizizi. Kupiga ramli ni haramu, hatulipindi hilo. Lakini kujua mti upi unatuliza tumbo la mtoto si ramli, na kumuua mzee kwa dhana ni dhulma itakayosimama Siku ya Kiyama. Huku upande wa machimbo miti inaondoka kwa mkaa na kwa matimba ya kuegemeza maduara, hata mwenye jina akibaki hana cha kukuonyesha.

Yule kijana wa Kahama bibi yake yu hai. Nimemwambia aende na daftari. Aandike jina la Kisukuma kwanza, mahali, tarehe, na mti unatumika kwa nini. Apige picha ya jani, ganda, ua na tunda, kisha akaushe tawi dogo ndani ya gazeti. Hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa iko Arusha, hapo wapo wa kumsaidia kulinganisha. Na amwulize bibi kama angependa jina lake liandikwe pembeni.

Wallahu a'lam.