Asumini na Nyumba ya Kiungwana: Kutoka Pwani hadi Lusangi

Katika nyumba za Waswahili wa Unguja, Mombasa na Lamu, asumini ni ua la chumbani zaidi kuliko la bustani. Huchumwa alasiri likiwa bado tumba, kwani hufunguka jioni na harufu yake haidumu sana baada ya usiku mmoja. Wanawake huyatunga maua hayo kwa uzi yakawa koja, huyafunga pamoja na mrehani na mkadi yakawa kikuba, na huyatawanya kitandani usiku wa harusi. Jikoni asumini haina nafasi kubwa. Halua hutiwa iliki, zafarani na marashi ya mawaridi. Chai ya asumini ni desturi ya Wachina.

Lusangi, baina ya Kasongo na Kabambare, ni nchi ambamo Kiswahili na Uislamu viliingia kwa misafara ya karne ya 19. Tippu Tip alikuwa na makao yake Kasongo tangu miaka ya 1870. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mji huo Aprili 1893, daktari wao Mwingereza, Sidney Hinde, alistaajabia vyandarua vya hariri na bustani za machungwa, mapera, makomamanga na maembe. Orodha hiyo ni ya askari aliyetoka vitani: imejaa vya kuliwa na vya kulaliwa. Haitoshi kuwa picha ya nyumba, sembuse ya watumwa ambao jasho lao ndilo lililoilisha.

Mmea wenyewe una ushahidi wake. Mbegu za komamanga na pera hukauka zikasafiri mfukoni. Mwasumini wa pwani ni nadra kuzaa mbegu. Hupandwa kwa kipandikizi, nacho hutaka unyevu siku zote, ilhali njia kutoka Bagamoyo kupitia Tabora na Ujiji ilikuwa ya miezi mingi kwa miguu. Udi na ubani, kinyume chake, hukaa sandukuni mwaka mzima. Ikiwa basi nyumba ya Kiungwana huko Maniema ilinukia kama ya Unguja, yaelekea harufu hiyo ilitoka chetezoni kabla ya kutoka kwenye kikuba. Mrehani, wenye mbegu ndogo na kavu, ungaliweza kufika kwa urahisi zaidi. Ndio unaostahili kutafutwa kwanza katika nyua za Lusangi.