Spika Iliyosahauliwa: Historia ya Kurekodi Gitaa la Umeme Nyumbani kwa Sauti ya Chini

Gitaa la umeme halitegemei kifua kipana cha mbao kukuza mlio wa nyuzi zake, na kwa sababu hiyo, tangu lilipoanza kuuzwa nchini Marekani katika miaka ya 1930, limeishi kwa msaada wa amplifaya, yaani mtambo unaopokea umeme hafifu kutoka kwenye sumaku zilizo chini ya nyuzi, ukauongezea nguvu kwa hatua mbili, kisha ukausukuma kwenye spika. Mafundi wa mwanzo, akiwamo Leo Fender aliyeanzisha kampuni yake mjini Fullerton, California, katika miaka ya 1940, walikusudia mtambo huo utoe mlio safi. Lakini wapigaji walikuja kupenda jambo ambalo mafundi walilihesabu kuwa kasoro. Vali, yaani mirija ya kioo iliyofanya kazi ya kukuza umeme kabla ya transista kuenea, zinapopelekewa umeme mwingi kuliko zinavyoweza kuubeba, hukata vilele vya wimbi la sauti, na katika kukatwa huko huzaliwa milio mipya ya juu ambayo haikuwamo kwenye uzi uliopigwa. Sikio huipokea milio hiyo kama mkwaruzo mnene, na noti moja hudumu kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake.

Ugumu wa kurekodi gitaa la namna hii nyumbani unaanzia hapo, kwa kuwa mkwaruzo na kelele vilizaliwa pamoja. Vali za hatua ya mwisho, ambazo ndizo zinazoisukuma spika, hazielemewi mpaka amplifaya ikaribie upeo wa nguvu zake, na amplifaya ya wati 100 iliyofikishwa hapo haivumiliki ndani ya nyumba ya kuishi watu. Kupunguza wati nako hakusaidii kwa kiasi ambacho mtu angetarajia: nguvu ikishushwa kutoka wati 100 hadi 50, sauti hupungua kwa desibeli 3 tu, na ili msikilizaji aione imepungua kwa nusu, nguvu haina budi kushuka hadi wati 10 hivi. Isitoshe, utafiti uliochapishwa mwaka 1933 na Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell ulionyesha kwamba sikio la binadamu, sauti inapokuwa ndogo, hupoteza zaidi besi, kiasi kwamba hata amplifaya ambayo haikubadilika kwa lolote husikika nyembamba pindi inapotulizwa.

Katika studio za kibiashara kelele hizo zilivumiliwa, ingawa si bila mivutano. Mwaka 1951, katika studio ya Sam Phillips mjini Memphis, gitaa la Willie Kizart lilirekodiwa kupitia amplifaya iliyokuwa imeharibika, na santuri iliyotokana na kazi hiyo, "Rocket 88", ikawa miongoni mwa za mwanzo kuusambaza mkwaruzo kwa wasikilizaji wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jim Marshall, mwenye duka la ala katika kitongoji cha Hanwell, London, alianza kutengeneza amplifaya kwa kuiga Fender Bassman, na kufikia mwaka 1965 karakana yake ilikuwa ikiunda za wati 100 kwa ajili ya majukwaa. Mwaka uliofuata mpiga gitaa Eric Clapton, akirekodi na kundi la John Mayall katika studio za Decca, alishikilia kupiga kwa sauti ileile ya jukwaani licha ya mafundi kuzoea kuwataka wapigaji wapunguze. Ushindi wake uliwapa wapiga gitaa kipimo kipya cha uzuri, lakini kipimo hicho kiliwafungia mlango wale wote ambao hawakuwa na studio.

Njia ya kwanza ya kuikwepa kelele ilikuwa kuiacha amplifaya kabisa. Les Paul, aliyeigeuza gereji ya nyumba yake huko Hollywood kuwa studio na ambaye mwaka 1948 alitoa "Lover" kwa kurundika magitaa yake mwenyewe moja juu ya jingine, alipendelea kulichomeka gitaa moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia. Katika kampuni ya Motown mjini Detroit, Robert White, Eddie Willis na Joe Messina nao walichomeka magitaa yao kwenye meza ya kuchanganyia sauti, wakawa wanajisikiliza kupitia spika ya studio. Kwa muziki uliotaka mlio safi na mkavu, utaratibu huo ulifaa sana. Ulipojaribiwa kwa mkwaruzo, tabia nyingine ilijitokeza: mwaka 1968 fundi Geoff Emerick aliyaelemeza magitaa ya Beatles ndani ya meza yenyewe kwa ajili ya wimbo wa "Revolution", na mlio uliotoka ulikuwa mkali wa kukata masikio.

Ukali huo, ambao Beatles waliukusudia, unafichua jambo ambalo watafutaji wa sauti ya chini walichelewa kulitilia maanani. Spika ya gitaa ya inchi 12 ni chombo chenye mipaka mikubwa, kwa maana juu ya hezi 5,000 hivi, yaani mitetemo 5,000 kwa sekunde, mlio wake hushuka kwa kasi, ilhali sikio la kijana husikia mpaka karibu hezi 20,000. Milio ya juu inayozaliwa na vali zilizoelemewa huchujwa na karatasi ya spika kabla haijafika hewani, na kile kinachosifiwa kuwa ulaini wa vali ni, kwa sehemu kubwa, kazi ya spika. Kwa miongo kadhaa sifa zilielekezwa kwenye vali peke yake, na hilo linaeleza kwa nini majaribio mengi ya kuziiga yalitoa sauti ya kukereketa.

Wengine walichagua amplifaya ndogo. Magitaa ya santuri ya "Layla", iliyorekodiwa katika studio za Criteria mjini Miami mwaka 1970, yalipitia kwa sehemu kubwa Fender Champ, amplifaya ya mazoezi yenye wati 5 hivi, ambayo huelemewa mapema na ambayo, mbele ya maikrofoni, husikika kubwa kuliko umbo lake.

Aliyelibadilisha suala hili kwa undani zaidi alikuwa Tom Scholz, mhitimu wa uhandisi wa mitambo wa chuo cha MIT na mwajiriwa wa kampuni ya Polaroid, ambaye alitumia mapato yake kujenga studio katika chumba cha chini ya nyumba huko Watertown, Massachusetts. Sehemu kubwa ya santuri ya kwanza ya kundi lake la Boston, iliyotoka mwaka 1976 na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 17 nchini Marekani pekee, ilirekodiwa humo. Kutokana na haja ya kupata mlio wa Marshall iliyofunguliwa sana ndani ya chumba kidogo, Scholz alibuni kifaa alichokuja kukiuza kwa jina la Power Soak, ambacho huwekwa kati ya amplifaya na spika, kikageuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto na kuiachia spika kiasi kidogo tu. Kifaa cha aina hiyo si pambo, kwa sababu amplifaya ya vali haipaswi kamwe kuwashwa na kupigiwa bila mzigo wowote, la sivyo volti hupanda ndani ya transfoma yake ya kutolea sauti na huweza kuiunguza.

Hata hivyo, kifaa hicho kilikuwa na upungufu wake. Spika inayoandikwa omu 8 haina ukinzani wa omu 8 kwa kila noti: ukinzani hupanda mara kadhaa karibu na besi ambayo spika yenyewe hupenda kutetemeka nayo, ukashuka, kisha ukapanda tena kuelekea milio ya juu, na amplifaya ya vali huitikia mabadiliko hayo kwa kuzipa nguvu zaidi besi hiyo na milio hiyo. Ukinzani usiobadilika, kama ule wa Power Soak, huyafuta mabadiliko hayo, na mpigaji huhisi gitaa limekuwa butu. Ndipo mafundi walipobuni mizigo yenye koili na kapasita, inayoiga kupanda na kushuka kwa spika halisi.

Scholz mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1982 alitoa Rockman, kisanduku cha transista cha kusikiliziwa kwa hedifoni, ambacho ndani yake mliwekwa pia machujio ya kuiga spika iliyowekewa maikrofoni, na miaka mitano baadaye kundi la Def Leppard lilikitumia katika "Hysteria", santuri iliyotengenezwa kwa gharama kubwa mno. Kifaa cha mtu asiyetaka kelele kikawa chaguo la watu waliokuwa na uwezo wa kupiga kelele popote. Wakati huo rekoda ya kaseti yenye njia 4, iliyoanza kuuzwa na Tascam mwaka 1979 kwa jina la Portastudio, ilikwisha kuhamishia kazi ya kurekodi vyumbani mwa watu, na mahitaji yakaongezeka. Mwaka 1989 Andrew Barta wa New York alitoa kifaa cha SansAmp, kilichofuata fikra hiyohiyo ya kuiga mnyororo wote kuanzia vali mpaka maikrofoni.

Kompyuta iliingia kwa nguvu mwaka 1998, kampuni ya Line 6 ya California ilipotoa POD, kifaa chekundu chenye umbo la haragwe kilichokokotoa kwa tarakimu tabia za amplifaya nyingi mashuhuri. Mashine ya Kemper ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 2011, ilipeleka milio ya majaribio kwenye amplifaya halisi na kujifunza kutokana na majibu yake, na siku hizi programu kama Neural Amp Modeler, inayotolewa bure, hufanya kazi hiyo kwa mitandao ya neva bandia. Lakini hatua iliyosaidia zaidi, kwa mizani ya haki, ni ile ya kurekodi mwitiko wa spika, ambapo mlio mfupi au unaopanda hatua kwa hatua hupigwa kupitia spika, maikrofoni ikaunasa, na kompyuta ikapata humo alama ya spika hiyo, inayoweza kubandikwa juu ya gitaa lolote. Spika iliyokuwa imesahauliwa ikawa faili dogo la kubadilishana.

Kilichobaki ni uhusiano wa spika na nyuzi zenyewe. Sauti kubwa inapoligonga gitaa, nyuzi huanza kutetemeka upya, amplifaya ikazikuza tena, na mzunguko huo huzaa ule mlio wa kujirudia uliosikika mwanzoni mwa "I Feel Fine" ya Beatles mwaka 1964, ambao Jimi Hendrix aliugeuza kuwa sehemu ya upigaji wake. Mlio huo huhitaji hewa itikisike, na hedifoni haitikisi nyuzi; ndiyo sababu wapigaji wa nyumbani wanaoutaka hutumia EBow, kifaa cha mkononi cha Greg Heet kilichoanza kuuzwa katika miaka ya 1970, ambacho huutetemesha uzi kwa sumaku, au hulisogeza gitaa karibu na spika ndogo za kompyuta na kuzifungua kwa sekunde chache tu zinazohitajika.