Mas'ala Yanayoishinda Kompyuta

Ndugu msomaji, wengi wetu twaamini kwamba kompyuta haishindwi na hesabu. Ati ikichelewa, dawa ni kununua iliyo na kasi zaidi. Historia ya elimu hii yatuambia sivyo.

Tuanzie Baghdad. Katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu za wasia na mirathi: nani apate nini, hatua kwa hatua, bila ya kubahatisha. Jina la aljebra limetoka humo. Na jina lake mwenyewe, lilipotamkwa kwa Kilatini, likazaa neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua unaokufikisha kwenye jawabu. Kila programu ya kompyuta ni taratibu za namna hiyo.

Sasa, ugumu watoka wapi? Mwanahistoria Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, alisimulia kisa cha Sissa, ambaye yasemekana ndiye aliyebuni sataranji. Mfalme alipotaka kumtunuku, aliomba ngano: punje 1 katika chumba cha kwanza cha ubao, 2 cha pili, 4 cha tatu, hivyo hivyo hadi cha 64. Mfalme aliona ni kitu kidogo. Hebu piga hesabu: jumla ni punje 18,446,744,073,709,551,615! Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa hata maghala ya dunia hayatoshi.

Kompyuta nayo hunaswa na mtego kama huo. Mfanyabiashara ataka kuzunguka miji 10 kwa njia fupi kabisa. Mipangilio ni 3,628,800. Hiyo si kazi. Miji ikiwa 20, mashine inayokagua mipangilio bilioni 1 kwa sekunde itahitaji miaka 77 kuijaribu yote. Ikiwa 25, ni zaidi ya miaka milioni 400! Kuongeza kasi mara kumi hakusaidii kitu. Werevu hupunguza kazi, lakini mpaka leo hakuna aliyepata njia ya haraka inayofaa kwa kila hali.

Mwaka 1971 Stephen Cook, akiwa Toronto, aliliweka swali hili wazi, na Leonid Levin wa Muungano wa Kisovyeti akafikia jambo hilo hilo kivyake. Chukua ratiba ya mitihani ya chuo. Ukipewa iliyokamilika, utaikagua upesi kuona kama kuna mwanafunzi mwenye mitihani miwili saa moja. Lakini kuipanga kwa siku chache, hapo ndipo penye kazi! Je, kila jawabu lililo rahisi kukagua ni rahisi pia kulitafuta? Mwaka 1972 Richard Karp alionyesha kuwa mas'ala 21 ya aina hii yamefungamana: ukipata njia ya haraka ya moja, umeyapata yote. Taasisi ya Clay ya Marekani iliahidi dola milioni 1 mwaka 2000 kwa atakayelijibu swali hilo. Bado halijajibiwa.

Usidhani ni mchezo wa wasomi tu. Kufuli ya RSA, iliyobuniwa mwaka 1977 na kutumika sana kulinda siri katika intaneti, yategemea ugumu kama huu: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, kuzitenganisha tena ni balaa. Na ugumu huo haujathibitishwa, ni kwamba hakuna aliyepata njia ya haraka kwa kompyuta za kawaida. Akipatikana, kufuli hiyo itafunguka.

Je, yawezekana? Mwaka 2002 Manindra Agrawal na wanafunzi wake wawili huko Kanpur, India, walithibitisha kwamba kutambua kama namba ni tasa kuna njia ya haraka isiyobahatisha, jambo lililowasumbua mabingwa kwa miaka mingi. Kufuli haikuvunjika, kwa kuwa kutambua si kutenganisha. Lakini wawili kati ya waliofanya hivyo walikuwa vijana kama sisi, wenye kalamu na karatasi. Basi ndugu yangu, ukiambiwa mas'ala haya hayawezekani, uliza kwanza: nani amethibitisha?