Ufukwe Unaohama: Ziwa Tanganyika na Historia ya Mji wa Ujiji tangu 1858

1.0 Utangulizi

Kumbukumbu ya Livingstone iliyopo Ujiji, inayoadhimisha kukutana kwake na Henry Morton Stanley mwaka 1871, leo imo katika nchi kavu, mbali na maji. Hata hivyo, maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 yanauonesha mji huo ukiwa kandokando ya ziwa. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha makala haya. Brown (1973) aliufuatilia mji wa Ujiji tangu takribani mwaka 1800 hadi 1914. Makala haya yanaongeza swali moja katika mjadala huo: kuhama kwa ufukwe kulichangia kwa kiasi gani kuhama kwa mamlaka na biashara kutoka Ujiji kwenda Kigoma? Hoja kuu ni kwamba kushuka kwa maji peke yake hakukuiangusha Ujiji. Kulikuja kuwa na uzito pale tu aina ya vyombo vya usafiri ilipobadilika.

2.0 Ujiji kama kituo cha misafara

Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Februari 1858, waliikuta njia ya misafara itokayo Bagamoyo kupitia Unyanyembe ikiishia hapa. Katika soko la Ujiji ziliuzwa pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza, mawese, samaki na, kwa bahati mbaya, binadamu waliotekwa pande zote za ziwa. Wajiji, Waha, Wamanyema na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa pwani waliishi pamoja, wengine kwa hiari na wengine kwa utumwa. Vyombo vya majini vilikuwa mitumbwi na mashua za tanga. Vyombo vya namna hiyo havikuhitaji gati wala kina kirefu. Vilivutwa hadi mchangani. Ufukwe mpana na tambarare wa Ujiji uliwafaa mabaharia hao vizuri.

3.0 Mto Lukuga na kushuka kwa maji

Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa takribani kilomita 670 na kina kinachofikia takribani mita 1,470, hupokea maji ya Malagarasi, Rusizi na mito mingine, lakini lina njia moja tu ya kutolea maji, nayo ni Mto Lukuga ulio upande wa magharibi. Verney Lovett Cameron aliufikia Lukuga mwaka 1874 akaukuta umesongwa na mimea. Mwaka 1876 Stanley hakuona mkondo wenye nguvu ukitoka ziwani. Edward Hore wa London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwaka 1878, aliuzuru mwaka uliofuata akakuta maji yakienda kwa kasi kuelekea Kongo. Kizuizi kilikuwa kimevunjika. Hadi katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa takribani mita 10. Mahali penye miamba, kushuka huko hakukubadili sana mstari wa ufukwe; katika mteremko mdogo wa Ujiji, maji yalirudi nyuma kwa umbali mkubwa.

Pamoja na hayo, mji haukufa. Mwaka 1896, baada ya sehemu kubwa ya maji kuondoka, Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Ujiji. Ushahidi huu unapinga maelezo mepesi kwamba ziwa ndilo lililoihama Ujiji na kuiua.

4.0 Reli, meli na Ghuba ya Kigoma

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1914, reli ya kati ilipofika kwenye ziwa. Haikuishia Ujiji bali Kigoma, kilomita chache kaskazini, ambako ghuba ina kina na imekingwa na vilima. Meli Goetzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ililetwa vipandevipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Chombo cha chuma chenye urefu wa takribani mita 70 kisingeweza kuvutwa mchangani kama mtumbwi. Meli hiyo, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, iliibuliwa na Waingereza na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ufukwe uleule uliokuwa mtaji wa Ujiji katika zama za mitumbwi ukawa kasoro yake katika zama za meli.

5.0 Hitimisho

Historia hii haijafungwa. Maji yalipanda tena kwa kiwango kikubwa katika miaka ya mwanzo ya 1960, na kuanzia mwaka 2020 yameingia tena katika makazi na miundombinu ya mwambao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini ukingo upi? Wa mwaka 1878, wa 1894, wa 1964 au wa leo? Kwa familia za Buzebazeba na kata nyingine za Manispaa ya Kigoma/Ujiji, jibu linaweza kuamua nani ana haki ya kiwanja na nani atahesabiwa kuwa mvamizi. Kwa hiyo, makala haya yanapendekeza kwamba mipango ya ardhi ya mwambao isitegemee kipimo cha mwaka mmoja, bali izingatie kumbukumbu zote za mwenendo wa ziwa, yakiwemo masimulizi ya wazee walioishi na maji hayo yakija na kuondoka.