Kufufua Motokaa ya Zamani

Leo tusikilize habari ya motokaa za Marekani. Mwaka 1964 ilitoka Pontiac GTO: injini kubwa ya lita 6.4 ndani ya motokaa ya kadiri. Vijana waliipenda kwa mbio zake.

Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yasiende Marekani. Petroli ikapanda bei. Motokaa nyingi za namna hiyo zikaachwa vibandani, zikaliwa na kutu.

Siku hizi wako wanaozifufua nyumbani. Hufungua kila kipande na kukitia alama, hukata bati lililooza, huchomelea jipya. Lakini nambari iliyogongwa kwenye injini fundi mwaminifu haifuti, maana husaidia kujua kama injini ni ileile ya asili.

Je, akiifuta, atakuwa amepoteza nini? Jadilianeni darasani.